Mwaka Waliofunga Kilabu

Osmunda tulimzika kwao Liuli, kando ya ziwa, mwezi wa tatu, siku ambayo mvua ilikatika asubuhi na jua likawaka ghafla hata udongo wa kaburini ukawa unafuka mvuke. Watoto wake waliniweka kiti cha mbele, pamoja na wazee wa kanisa, na ilipofika zamu ya marafiki wa marehemu wakaniomba niseme machache, kwa kuwa mimi ndiye pekee niliyebaki wa wale waliomjua alipokuwa msichana wa kupika pombe Mbinga mjini. Nilisimama nikasema. Nilieleza alivyokuwa akicheka hata kikohozi kimpate, alivyoonja komoni kwa ncha ya kidole na kujua kama kimea kimezidi, alivyokataa kumuuzia mwanamume aliyekuja na mtoto mgongoni mwa baiskeli. Watu wakacheka, wengine wakajifuta machozi. Baada ya chakula binti yake mkubwa akanifuata jikoni, akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Mama mkubwa, mama alikuwa akisema ndugu zake duniani ni wawili tu. Mmoja Mungu alimchukua mdogo, na mwingine ni wewe." Nikamjibu, "Asante mwanangu." Yale ambayo sikuyasema nayaandika hapa. Umri nilionao sasa hauniruhusu tena kungoja siku nzuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Osmunda ishirini na miwili. Nilikozaliwa na kwa nini niliondoka huko havina kazi katika habari hii. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya kilabu la pombe la mjini, chumba cha matofali mabichi chenye dirisha dogo lililozibwa kwa mfuko wa mbolea, vitanda viwili vya kamba na katikati yake mapipa. Tulilala na mapipa kama watu wengine wanavyolala na mbuzi. Usiku uliyasikia yakichemka yenyewe kwa taratibu, na harufu ile ya uchachu ilituingia kwenye nywele na kwenye nguo za kanisani, hata siku ya Jumapili watu walituachia nafasi pana kwenye benchi. Osmunda alikuwa Mnyasa wa ziwani, Mwanglikana, mimi Mmatengo na Mkatoliki, kwa hiyo kila Jumapili tuliachana njia panda na kukutana tena mchana kwenye sufuria la maharage. Aliniita dada. Mwanzoni ilikuwa heshima tu ya mdogo kwa mkubwa, baadaye likawa jina langu.

Kilabu lilikuwa banda refu la mabati, lisilo na kuta upande wa barabarani, lenye mabenchi ya mbao yaliyolainika kwa makalio ya miaka mingi. Wapishi tulikuwa kumi na kitu, tukipika kwa zamu. Sisi tulipika komoni, na nawaambia bila aibu kwamba komoni yetu watu waliifuata kutoka vijijini kwa miguu. Kazi yake ilitaka uvumilivu. Unga wa mahindi unalowekwa siku kadhaa hadi uwe mchachu, kisha unakaangwa juu ya bati la pipa, kidogo kidogo, ukigeuzwa kwa koleo mpaka uwe na rangi ya udongo mwekundu na moshi ukutoe machozi. Halafu maji, halafu kimea cha ulezi, halafu kungoja. Osmunda hakupenda mtu aongee naye wakati wa kutia kimea. Alisema pombe inasikia. Baada ya kuchujwa ilimiminwa kwenye vikombe vikubwa vya plastiki, na kikombe kimoja kilizunguka benchi zima, kwa hiyo mzee aliyeuza kahawa yake na mzee aliyekosa kuuza walikunywa mdomo mmoja. Mpishi aliyetukaribia zaidi alikuwa Mama Bosko, mjane aliyetuzidi kama miaka ishirini. Alipika pembeni yetu, alituazima ndoo na toroli lake, na alitukaripia tulipochelewa kuwasha moto. Tulimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kuni.

Bia ya chupa katika miaka ya nyuma tuliiona harusini, au padri mpya akipewa upadirisho, na hata hapo ilihesabiwa meza kwa meza na kuletwa kwa kibali kilichopigwa muhuri. Mwaka huo mambo yakabadilika haraka kuliko tulivyoweza kuyaelewa. Ndio mwaka ambao wanunuzi binafsi walianza kupanda milimani kununua kahawa kwa malori yao, na chama cha ushirika kikawa kinafungua ghala siku moja na kulifunga siku mbili. Nyuma ya malori ya kahawa yakaja malori ya bia. Kreti zilipangwa hadi juu, chupa zina karatasi mpya zinazong'aa, na pamoja nazo kalenda, miavuli, viti vya plastiki na fulana za bure. Redioni walisema soko sasa ni huria. Wazee kilabuni walibishana maana yake nini. Mmoja akasema maana yake kila mtu auze anachotaka. Mwenzake akamwuliza, "Na mwenye cha kuuza ni nani?" Wakacheka, kikombe kikaendelea kuzunguka.

Aliyekuwa na cha kuuza alikuwa Bwana Gaspari. Tulimjua wote. Alikuwa karani wa kahawa, mtu mpole mwenye miwani, na sasa alikuwa na lori, uwakala wa bia, na baa aliyoijenga upande wa pili wa barabara, ikitazamana na kilabu letu uso kwa uso. Aliipaka rangi ya njano. Aliweka friji la mafuta ya taa na jenereta la muziki. Kwa wiki za mwanzo watu walisimama nje wakitazama, kisha walirudi kwetu kunywa, kwa sababu chupa moja ilikuwa bei ya vikombe vingi na ilimalizwa na mtu mmoja. Hilo lilimkera Gaspari. Alikuwa amejenga baa mbele ya watu wenye kiu na watu wale wakawa wanampungia mkono tu.

Akaniita nyumbani kwake. Alikuwa anatafuta msimamizi wa baa, mwanamke anayejua kusoma, kuandika na kuongea na wanaume waliolewa, na mtu alimtajia jina langu. Nilivaa gauni la Pasaka. Sebule yake ilikuwa na makochi ya vitambaa vyeupe, saa ya ukutani na zulia, na nilivua viatu nikaona aibu ya miguu yangu iliyopasuka kwa majivu. Mkewe alituletea wali, kuku wa nazi na kachumbari. Nilikuwa sijala nazi kwa mwaka mzima. Gaspari aliongea nami kama mtu mwenye akili, akaniuliza nina maoni gani kuhusu biashara, nami kila aliponiuliza nilijiona napanda ngazi. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kupitisha muda tu, "Na mwezi huu bomba la pale kilabuni limekauka. Nyie maji mnatoa wapi?"

Ukweli ni kwamba kwa majuma mawili tulitembea mbali hadi kwenye chemchemi. Siku moja tu, tulipoamka tumechoka na unga umeshakaangwa, mimi na Osmunda tulichukua toroli la Mama Bosko tukachota kwenye kijito kilicho chini ya machinjio. Tuliyachemsha maji yale asubuhi nzima. Osmunda hakuridhika mpaka yametokota, yakapoa na kutokota tena. Hakuna mtu aliyeumwa. Tuliojua tulikuwa watatu, sisi na mwenye toroli. Lakini mimi pale kwenye kochi sikutaka kuwa mwanamke wa ndoo. Nilitaka Gaspari aone kwamba nimeshatoka kule, hata kabla sijatoka. Nikacheka, nikasema, "Bosi, acha tu. Wale wanachota hata chini ya machinjio. Pombe ile mimi siigusi." Nilisema *wale*. Gaspari hakucheka. Aliniongezea paja la kuku, akasema nianze kazi Jumatatu.

Osmunda alinifurahia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, jinsi alivyonifurahia. Alinifulia gauni, akanipaka mafuta kichwani, akasema mmoja wetu akikaa kwenye kiti cha plastiki wote wawili tumekaa. Nilipewa fulana ya njano yenye picha ya chupa kifuani. Tuliendelea kulala chumba kimoja, yeye ananuka komoni, mimi nanuka sigara za wateja.

Wiki tatu baadaye walikuja asubuhi ya Jumamosi, na kesho yake watoto wa parokia walikuwa wanapokea Komunyo ya Kwanza, kwa hiyo mapipa yote yalikuwa yamejaa pombe ya sherehe. Walikuja bwana afya, migambo wanne na mtu wa kuandika. Katika baadhi ya vijiji kulikuwa na ugonjwa wa kuhara, na hofu ya watu ilikuwa ya kweli, siwezi kuikana. Bwana afya alisoma karatasi kwamba kilabu linatumia maji machafu ya machinjioni, kwamba kuna ushahidi wa mtu wa ndani, na kwamba linafungwa. Migambo wakaanza kupindua mapipa. Mimi nilikuwa kwenye baraza la baa nikipanga chupa. Pombe ilitoka chini ya mabenchi, ikavuka mtaro, ikashuka barabarani na povu lake la hudhurungi, na kuku wakaja wakidonoa machicha. Wanawake wengine walipiga kelele, wengine walikimbilia sufuria zao. Mama Bosko alikaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, akakunja mikono.

Osmunda aling'ang'ania pipa la mwisho. Alilikumbatia kwa mikono miwili, mgambo akamvuta, akaanguka magotini ndani ya matope ya pombe. Hapo akaniona. Alipiga ukelele, si wa kilio, ni wa mtu aliyekumbuka kwamba ana msaada. "Dada! Njoo uwaambie tulichemsha! Ulikuwepo, waambie tulichemsha!" Bwana afya akageuka akatazama upande wangu. Migambo nao wakageuka. Nilikuwa na chupa sita, tatu kila mkono, nimezishika shingoni. Gaspari alikuwa mlangoni nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Barabara ile upana wake ni hatua kumi na tano. Niligeuka nikaingia ndani, nikaziweka zile chupa kwenye friji, moja moja, nikahakikisha karatasi zake zinatazama mbele.

Jioni nilimkuta anafunga vitu vyake. Nilianza kusema, akanizuia. "Najua. Angekufukuza palepale. Ningekuwa mimi sijui ningefanya nini." Alinisamehe lile dogo alilolijua, upesi, kama mtu anavyomfutia mtoto pua. Kisha akakaa kitandani, akasema, "Ila huyu aliyetusema. Huyu ndiye sitamsahau." Aliuza mapipa yake kwa fundi wa milango. Siku ya tatu alipata lifti ya gari la misheni lililokuwa linashuka ziwani. Kilabu lilipigwa kufuli, na baadaye mabati yake yakaezuliwa.

Nilifanya kazi kwa Gaspari miezi minane. Msimu wa kahawa ulipoiva wakulima walishuka na fedha mfukoni, na kwa kuwa kilabu halikuwepo waliingia kwetu. Walikaa kila mtu na chupa yake, kila mtu anatazama ya mwenzake imefika wapi. Mzee mmoja wa Kimatengo aliyekuwa mteja wetu wa zamani alikunywa funda moja, akaipitisha chupa kwa jirani yake asiyemjua, kwa mazoea, na yule jirani akasema, "Mzee, mimi nina yangu." Vijana wakamcheka. Aliweka chupa chini akatoka, ikiwa imejaa bado. Wanawake waliokuwa wapishi walitawanyika. Baadhi walianza kupika gongo porini, na mmoja alirudi kutoka jela akiwa amenyolewa. Mimi nilivumilia mikono ya wateja, maneno ya wateja, na kusimama tangu saa nne asubuhi. Kisha Gaspari akaleta wasichana wawili kutoka Songea. Aliniita kaunta, akaniambia wateja wanataka sura mpya, akasema kwa upole wake wa karani kwamba mimi ni mwerevu na sitakosa cha kufanya. Akaniomba niache fulana.

Nilishuka Liuli kumtafuta Osmunda. Nilijiambia nakwenda kumweleza. Kutoka Mbamba Bay nilipanda boti la injini, na njia nzima niliyapanga maneno, nikayageuza, nikayapunguza. Nilimkuta ufukweni kwa mama yake akianika dagaa wa usipa juu ya chanja, amekonda, mikono ina magamba ya samaki hadi kwenye viwiko. Aliniona akatupa ungo akakimbia. Alinipikia samaki mbasa wa kuchemsha na ugali wa muhogo, tukala nje, mama yake akituchekea kwa Kinyasa. Tulipokuwa tunanawa, Osmunda akasema, "Nimefikiri sana, dada. Tuliojua habari ya kijito tulikuwa watatu. Mimi si mimi. Wewe si wewe. Ni Mama Bosko. Na nimeshawaambia wenzetu wote niliokutana nao."

Maneno yangu yote yalikuwepo. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Angeweza kunipiga, angeweza kunifukuza, na boti lilikuwa linarudi mchana uleule. Nilimtazama usoni nikasema, "Mungu yupo." Akaitikia kwa kichwa, akanimwagia maji mengine mikononi.

Niliporudi Mbinga niliona kile ambacho nilikuwa sikitazami. Mama Bosko aliishi peke yake kama mwenye ukoma. Kwenye jumuiya ya sala wanawake walisogeza mikeka. Alichuuza mahindi ya kuchemsha sokoni na waliokuwa wapishi wenzake walipita upande wa pili. Mtoto wake Bosko aliitwa shuleni mtoto wa mpelelezi. Nilivumilia kuyaona hayo mwezi mzima, halafu siku moja baada ya misa nikaenda kwake. Nyumba yake ilikuwa ya chumba na sebule, imesakafiwa kwa udongo mwekundu uliosuguliwa ukang'aa. Nilimwamkia, akaitikia. Akanipa kigoda. Nikasema nimekuja kumwambia jambo kuhusu kilabu.

"Sema tu," akasema. "Nalijua. Siku ile ulipokula kuku kwa Gaspari mimi nilikuwa uani, namtwangia mkewe kahawa. Dirisha lilikuwa wazi."

Niliuliza kwa nini hakusema, miezi yote hiyo.

"Nimwambie nani? Yule mtoto alikuwa anakuita dada. Mimi nilikuwa namwazima toroli." Akachambua mahindi kidogo. Nikapiga magoti nikamwomba msamaha, nikalia. Alinitazama nikilia mpaka nikachoka. Kisha akasema, "Inuka. Usinipe mimi machozi, sina pa kuyaweka. Jumamosi kuna gari linashuka ziwani. Tutakwenda wote wawili, utamwambia mbele yangu. Hayo tu ndiyo ninayotaka."

Nikamwambia ndiyo. Nikaapa kwa Bikira Maria.

Jumamosi asubuhi niliamka mapema, nikaoga, nikavaa. Chumba nilichokuwa nimepanga wakati huo kilitazama stendi. Nilimwona akifika, amevaa kitenge kipya na viatu vya kufunga, na mfuko mdogo wenye mahindi ya njiani. Alisimama karibu na gari akitazama njia ya kwangu. Konda alimwita mara mbili, naye akanyoosha mkono kumwomba asubiri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, viatu viko miguuni, ufunguo uko mkononi. Dereva akapiga honi. Mama Bosko akatazama tena njia, akapanda, akakaa upande wa dirisha, na gari likaondoka.

Alirudi Jumatano. Nilikutana naye kisimani, na kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine nilisimama. Sikumsalimu, nilishindwa. Alijaza ndoo yake hadi juu, akaweka kata kichwani, ndipo akaongea.

"Hakunifungulia mlango. Nilimwambia nikiwa nje, dirishani. Nilikutaja jina lako, nikamweleza habari yote, na kochi, na kuku."

"Akasemaje?"

"Alisema nina roho mbaya. Alisema nisikuchafue, kwa sababu wewe ndiye mtu pekee aliyekuja kumwona."

Akainama, akanyanyua ndoo, na sikumsaidia kujitwika.